Kiti Kando ya Gari

Gari lenyewe lilipendeza macho, hilo tuseme ukweli. Lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, ya zamani, lakini imeoshwa mpaka inang'aa, tairi zimepakwa weusi, na ndani imetandikwa kapeti mpya ya kijivu. Absalom alilisimamisha uani karibu na kamba ya nguo, pua yake ikielekea lango, ili mgeni akiingia tu likutane naye. Mpita njia angesema, ai, hapa pana watu wanaojiweza. Kumbe ndani ya nyumba hiyo ya Tuwani, mjini Kitale, mume na mke walikuwa hawajasemezana tangu chai ya asubuhi.

Hawakuwa wamegombana. Watu wakigombana angalau wanasikilizana. Wao walikuwa wanajua jambo moja, na kila mmoja aliogopa mwenzake asije akalitaja. Jambo lenyewe ni kwamba gari lile halikuwa gari moja.

"Mzee, hapa waliokuuzia walikulaghai," fundi Gathii alimwambia Absalom gari likiwa juu ya jeki, mwezi uliotangulia. "Mbele ni ya gari ingine, nyuma ni ya ingine. Wamekata hapa chini ya viti wakachomelea. Na hapa kwa kuchomelewa pameanza kuachana. Angalia mwenyewe."

Absalom aliinama akaangalia. Palikuwa na mstari wa chuma uliovimba, na pembeni mwa mstari ufa ambao ukucha ungeingia.

"Si unaweza kuchomelea tena?"

"Ningekula pesa yako bure. Injini ni mzuri, hiyo uza kama spea. Mwili peleka skrepa. Lakini usibebe watu na hii kitu, mzee. Siku moja itaachana kwa barabara."

Sasa, spea na skrepa zingemrudishia Absalom kama elfu sitini. Gari zima lingemrudishia laki mbili na themanini. Na binti yake Nelima, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, alikuwa amezuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa sababu ya karo, mbele ya darasa zima, akarudi nyumbani na begi lake. Msichana hakulalamika hata kidogo. Alivaa leso akaosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile visafi. Hapo ndipo Absalom alipokwenda kununua ile rangi nyeusi nzito ya kupaka chini ya gari, na kapeti.

"Tutamwambia mwenye kununua?" Dinah, mkewe, alimwuliza siku ile mumewe anakata kapeti kwa kisu cha jikoni.

"Macho si atakuja nayo? Mimi nani aliniambia?"

"Wewe ulinunua jioni, na mvua ikinyesha. Hukuangalia."

"Basi na yeye asipoangalia, mama Nelima, itakuwa ni yeye."

Dinah alirudi jikoni. Alikuwa mwalimu wa Sunday school, na amri kumi alizijua kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Lakini pia alikuwa ameona jinsi mwanawe anavyosugua sufuria.

*

Wanunuzi walitoka Misikhu Jumamosi, mtu na mkewe. Bwana aliitwa Makokha, mkulima mrefu, mpole, aliyevaa koti la suti kwa ajili ya siku hiyo. Mkewe, Nasambu, aliuza nyanya na vitunguu, na hakuwa mpole hata kidogo. Pesa nyingi za gari zilikuwa zake.

Makokha hakuwa mjinga. Binamu yake dereva alikuwa amemfundisha jioni nzima, naye kila alipokamilisha jambo alikunja kidole. Kabla hata ya kusalimia vizuri aliweka kiganja juu ya boneti.

"Ni baridi," alisema, akaridhika. "Niliambiwa ukipata injini imepashwa moto kabla ufike, jua kuna kitu wanaficha."

"Hapa hatufichi kitu, bwana," Absalom akasema, akacheka.

Makokha aliliwasha mwenyewe, likaitika mara moja. Alienda nyuma akatazama moshi: si mweusi, si wa samawati. Akaziba bomba kwa kitambaa, akakinusa. Akachomoa kile kijiti cha oili, akakipangusa, akakitazama juani. Akafungua mfuniko wa rejeta kuona kama maji yana mafuta. Akalinganisha namba za injini na zile za logbuku, mdomo ukimcheza kama mtoto anayesoma. Akaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akakanyaga breki ghafla, akaachilia usukani aone kama gari linavuta upande. Kila kitu kilikuwa sawa, kwa sababu Absalom alikuwa ameuziwa injini nzuri kweli. Hata mwizi huweka matunda mazuri juu ya kikapu.

"Imebaki chini," Makokha alisema. "Niliambiwa, hata ukipenda gari namna gani, usitoe pesa kabla hujalala chini yake. Na uinue kapeti. Mzee, una gunia?"

Alivua koti akampa Nasambu. Absalom alileta gunia kwa mwendo wa mtu anayepeleka kamba ya kunyongewa mwenyewe.

Dinah alikuwa ameyasikia yote kwa dirisha la jikoni. Kuku alikuwa anachemka. Alifuta mikono akatoka kusalimia, na tuseme hapo hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alitoka kwa sababu hakuweza kukaa ndani. Alimshika Nasambu mkono, akauliza lile swali ambalo mwanamke yeyote wa kwao humwuliza mgeni.

"Mwanangu, wewe kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni Sirisia. Mimi nimezaliwa ukoo wa Babuya."

"Kwa Babuya! Hata mimi ni msichana wa Babuya."

"Wewe?" Nasambu alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Basi wewe ni senge wangu! Dada ya baba yangu kabisa! Makokha! Wee Makokha, inuka, huyu ni senge!"

Makokha alikuwa ameshapiga goti moja kwenye gunia. Aliruka kama aliyekanyaga siafu. Akajipangusa suruali, akarudi nyuma hatua kadhaa, macho chini, akalichukua koti lake akalivaa na kulifunga vifungo vyote na jua lile.

Asiyewajua Wabukusu atauliza kulikoni. Senge wa mkeo ni mama mkwe wako. Na mama mkwe humpi mkono, humkaribii, hukai naye kiti kimoja. Sasa mwanamume mzima alale chali mavumbini mbele yake, miguu imetawanyika, shati limepanda, kitovu kinaota jua? Afadhali apite sokoni uchi, atasingiziwa wazimu na kusamehewa.

Lakini ukwe una njia zake, na kila mtu aliyekuwa pale alizijua. Makokha alisimama kando, akakohoa kidogo, akatazama mawingu. Alikuwa anangoja mama mkwe arudi jikoni. Hilo tu. Angeingia ndani dakika chache, Makokha angefanya kazi yake chini ya gari, na kila mtu angebaki na heshima yake.

Dinah alijua anangojewa. Kuku alikuwa jikoni, sababu ya kuondoka ilikuwa inanukia mpaka nje. Alipiga hatua moja. Akamtazama mumewe. Absalom hakumtazama, alikuwa amelikazia macho gunia. Dirishani Nelima alikuwa anapiga pasi gauni lake jeupe la uuguzi, ambalo hakuna aliyemwambia kwamba atalivaa tena.

"Nelima," Dinah aliita, "epua hiyo sufuria. Halafu niletee kiti hapa, na ile saga. Nichambue mboga nikimwona mwanangu vizuri."

Akaletewa kiti. Akakiweka kando ya tairi la nyuma, akaketi.

Hakusema uongo wowote. Alichambua mboga tu. Majani upande huu, vijiti upande ule, akimwuliza Nasambu habari za Sirisia, nani amezaa, nani ameoa, nani amezikwa. Makokha alizunguka gari kwa mbali, mara moja, mara ya pili. Alichungulia kupitia dirisha la gari akatazama kapeti, mkono ukamwasha, lakini kuinua kapeti kungetaka ainame mbele ya mkwe. Mwishowe alimvuta Absalom pembeni.

"Mzee, si tungeipeleka tu kwa fundi hapo barabarani? Aangalie kidogo."

"Mkwe wetu," Absalom akasema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, "unataka kuleta mtu wa nje akague nyumba ya senge wa bibi yako?"

Kwa neno hilo, jamani, alistahili kofi. Makokha aliinamisha kichwa, akaomba msamaha. Aliomba msamaha! Na bei nayo, aliyokuwa amepanga kuipunguza mpaka jasho litoke, hakuigusa tena. Mkwe anayejiheshimu habishani bei na wakweze.

Nasambu alimfuata Dinah jikoni kusaidia kupakua. Ndipo alipomshika kiwiko.

"Senge, mimi gari sijui. Nilikuwa nataka Makokha alale pale chini, lakini sasa unajua. Hii pesa nimeiweka miaka, sikununua hata kiatu. Nataka nibebe wamama wa soko, tunaenda mpaka Ndalu na nyanya. Niambie wewe. Gari iko sawa?"

Mwiko ulikuwa mkononi mwa Dinah. Supu ilidondoka sakafuni.

"Iko sawa, mwanangu," alisema. "Kwa nini isikuwe sawa?"

*

Jumatatu Nelima alirudi chuoni, pesa ya gari imelipa karo. Alimkumbatia baba yake langoni mpaka Absalom akaona haya, akajifanya anatafuta funguo.

Jioni hiyo Dinah aliweka ugali mezani akabaki amesimama.

"Baba Nelima, ningeondoka pale angeona."

"Nani alikuambia ukae?"

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Basi usiniwekee mimi lawama." Absalom alimega tonge, akalirudisha sahanini. "Lakini asante."

Asante hiyo ilimchoma Dinah kuliko tusi. Tusi angelijibu. Angemwambia mumewe wewe ndiye uliyepaka rangi, wewe ndiye uliyesema mtu wa nje, mimi nilikaa tu. Sasa atajibuje asante? Alichukua sahani yake akaenda kula kwenye ngazi ya nyuma, na mahali gari lilipokuwa limesimama palikuwa na doa la oili, kuku wawili wanalidonoadonoa. Akawafukuza kwa sauti kubwa mno, mpaka jirani akauliza kama kuna nyoka.

*

Nasambu alipiga simu Jumatano, na kelele za soko nyuma yake.

"Senge! Nimekupigia nikubariki. Hiyo gari ni baraka. Jana tumeenda Ndalu wamama watano na makreti juu, hata haikukohoa. Makokha sasa anatembea kama diwani, bana!"

"Mungu asifiwe," Dinah alisema. Alikuwa ameketi kitandani.

"Kitu kidogo tu. Mlango wa nyuma siku hizi hautaki kufunga. Mpaka Makokha aupige na bega. Na ikipita kwa shimo inalia kama kitanda cha zamani. Hiyo ni nini, senge?"

Dinah alijua ni nini. Gathii alikuwa amemweleza Absalom, na Absalom alimweleza yeye usiku wa kwanza, kabla hawajaanza kuogopana: ukiona milango imekataa kufunga, ujue mwili wa gari umeanza kukaa chini katikati, kama mgongo wa punda aliyezidiwa na mzigo.

"Mwanangu, msijaze watu sana," alisema.

Nasambu akacheka. "Ai, senge, gari ni ya kujaza! Hata Jumamosi tunaenda Sirisia kumwona mzee, ameugua mguu. Watoto wangu wote, na wa shemeji, na mama mkwe wangu. Tutajaza mpaka buti. Nimemwambia baba nimepata senge Kitale, akafurahi akalia."

"Nasambu..."

"Ee, senge?"

Neno lilifika mdomoni. Dinah alilihisi kabisa, liko pale nyuma ya meno.

"Mwendeshe polepole," akasema.

"Sawa, senge. Mungu akuweke."

Simu ikakatika. Dinah alibaki ameishika sikioni. Polepole! Amewaambia watu waende polepole kwenye kaburi lao. Alijichukia pale kitandani kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu mwingine.

Alivaa viatu akaenda dukani kwa mumewe. Absalom alikuwa na duka la dawa za mifugo na mbegu, chumba kimoja chenye harufu ya dipu. Alingoja mteja aondoke.

"Mlango wa nyuma umekataa kufunga," Dinah alisema.

Absalom hakuuliza mlango gani. Alianza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangika.

"Jumamosi wanabeba watoto. Wanaenda Sirisia, ile barabara ya milima."

"Waambie wapeleke kwa fundi."

"Fundi ataona."

"Basi usiwaambie wapeleke kwa fundi!" Alipandisha sauti, akaishusha haraka, maana mlangoni palipita mtu. "Mama Nelima, gari imetembea na mimi karibu mwaka. Nimekufa?"

"Tangu Gathii akuambie, umewahi kunibeba?"

 Absalom hakuwa amembeba. Tangu siku ile ya jeki alikuwa analiendesha peke yake, na mkewe alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu, eti mafuta yamepanda bei.

"Pesa imeshaingia chuoni," alisema mwishowe. "Unataka nimtoe mtoto kwa mtihani? Nenda ukawaambie, halafu? Watataka pesa. Utawapa nini, amri kumi?"

"Sijui nitawapa nini."

"Basi kaa."

"Nilikaa," Dinah akasema. "Ndiyo shida."

*

Ijumaa asubuhi alifika Misikhu akauliza kwa Makokha, akaonyeshwa boma lenye ua wa michongoma, nyuma ya soko. Gari lilikuwa uani. Mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani.

Nasambu alimwona kutoka mbali akaja mbio, mikono imefunguliwa. "Senge! Senge amekuja bila kusema! Watoto, njooni muone senge yangu!"

"Usinishike kwanza," Dinah alisema.

Nasambu alisimama.

"Hiyo gari ni mbaya. Imekatwa katikati ikachomelewa, ni gari mbili. Na hapo imeanza kuachana, ndiyo maana mlango haufungi. Tulijua. Baba Nelima alijua, na mimi nilijua. Siku ile niliitisha kiti nikakaa hapo makusudi, ili bwana yako ashindwe kulala chini. Uliniuliza jikoni, nikakudanganya." Alikuwa ameyakariri maneno hayo njia nzima, na sasa yalitoka yote kwa pumzi moja, kama mtoto anayesoma shairi. "Msiende Sirisia na hiyo gari."

Makokha alikuwa ametokea mlangoni pa nyumba na kikombe cha chai. Alisikia. Hakusogea, kwa sababu mkwe alikuwa katikati ya ua, hata sasa.

"Mimi naingia jikoni kwenu," Dinah alisema bila kumtazama. "Nitafunga mlango. Wewe lala uangalie."

Akaingia, akafunga. Jikoni mlikuwa na giza na moshi. Aliketi juu ya kibao kidogo akasikiliza: gunia linaburutwa, kapeti inachanwa. Kisha sauti ya chuma ikigongwa kwa jiwe. Kisha sauti ya Makokha, ile sauti ya upole, imepasuka.

"Nasambu. Ile siku niliambiwa nilale chini. Niliambiwa, na niliacha."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Nasambu alisimama hapo, na uso wake haukuwa na machozi. Dinah angepata nafuu kama ungekuwa nayo.

"Pesa iko wapi?"

"Tulilipa chuo cha Nelima. Haiko."

"Yote?"

"Imebaki kidogo. Nimekuja nayo." Alitoa bahasha. Nasambu aliichukua, akaipima kwa mkono bila kufungua, akaitia kifuani.

"Basi ulikuja kufanya nini? Kunipa usingizi mbaya, wewe upate mzuri?"

 Ilikuwa kweli, au ilikuwa karibu na kweli.

Nasambu alitoka nje akachomoa simu. "Kuna mtu wa Ndalu, Kipsang. Jumanne aliiona akasema nikitaka kuiuza nimpigie yeye kwanza. Nampigia."

"Nasambu, hapana," Makokha alisema. Alikuwa ameketi mavumbini, mgongo kwenye tairi, koti hana, mavumbi nywelani. "Nasambu, usifanye hivyo."

"Mimi nani aliniambia? Si na yeye ana macho?"

Dinah aliyatambua maneno hayo. Yalikuwa ya nyumbani kwake, neno kwa neno, kama kwamba yalikuwa yameachwa ndani ya gari pamoja na ufunguo.

"Haro, Kipsang?" Sauti ya Nasambu ilikuwa imebadilika, imekuwa tamu, ya sokoni. "Habari ya huko? Ile gari bado unaitaka?... Nataka kuongeza ng'ombe tu, ndiyo maana... Hapana, haina shida. Iko sawa kabisa. Kwa nini isikuwe sawa?" Alikuwa anamtazama Dinah machoni huku anasema.

"Nipe hiyo simu," Dinah alisema.

Nasambu aligeuza bega. Dinah hakuwahi kupigana tangu utotoni, lakini aliingia akamshika mwanamke yule kiganja, wakavutana kama wanawake kisimani, watoto wakiwatazama, mpaka simu ikawa mkononi mwa Dinah na mkwaruzo mrefu shavuni mwake.

"Bwana Kipsang," alisema, anahema. "Mimi ndiye niliyewauzia hawa hiyo gari. Ni gari mbili zimechomelewa. Usinunue. Hata ikishushwa bei namna gani, usinunue. Jina langu ni Dinah, nakaa Kitale, Tuwani, mume wangu ni Absalom wa dawa za ng'ombe. Uliza mtu yeyote." Akakata.

 Mama mkwe wa Nasambu, kikongwe aliyekuwa anaanika mahindi, aliacha mkono hewani.

"Sasa umeninyima hata huyo," Nasambu alisema polepole. "Umenipokonya mara mbili."

"Nitalipa."

"Na nini?"

"Sijui. Lakini sitoki hapa. Nitalala na nyinyi, nitabeba nyanya zako sokoni, utaniweka mahali utaniweka. Sirudi Kitale mpaka pesa yako ije."

"Wee mama, usinichezee."

Alimwita mama, si senge. Dinah alilisikia hilo likipita, akaliacha lipite. Alipangusa damu shavuni kwa ncha ya leso, akampigia mumewe palepale, mbele yao wote, na simu akaiweka sauti ya juu ili wasikie.

"Baba Nelima. Niko Misikhu. Nimewaambia."

Upande wa pili ng'ombe wa mtu alilia, pengine alifungwa nje ya duka.

"Yote?" Absalom aliuliza.

"Yote. Na kiti pia."

"Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Wanataka pesa yao, na mimi sirudi mpaka ije. Nimewaambia hivyo."

"Pesa iko wapi, mama Nelima? Imebaki duka peke yake. Unajua imebaki duka peke yake."

"Basi ni duka."

Nasambu alisogea kusikiliza, akidhani simu imekatika. Wote walingoja aseme hapana. Makokha aliinuka kutoka mavumbini. Dinah alifumba macho, kwa sababu alimjua mumewe kwa miaka ishirini na tatu, na hakujua atasema nini.

"Hiyo gari iko wapi saa hii?" Absalom akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, wala haikuwa ya kubishana.

"Iko hapa. Imesimama."

"Waambie watoto wasicheze ndani," alisema. "Dinah, nakuomba. Niambie kama kuna mtoto ndani."

Dinah alifumbua macho akageuka. Wakati wakubwa walipokuwa wanavutana, watoto watatu walikuwa wamefungua ile kamba ya katani wakaingia. Mkubwa alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na wadogo nyuma yake walikuwa wanarukaruka juu ya kiti, wamevaa nguo za safari ya kesho kuzijaribu, wanaimba kwamba wamefika Sirisia.

Aliitupa simu mchangani, akakimbia kuwatoa mmoja mmoja.